Jinsi ya Kuwafundisha Watu Kusimamia Mto wa Nchi Mbili: Mwongozo Kamili Kutoka Bonde la Mto Mara

Mafunzo mengi ya mito ya mipakani huanza na mkataba na kuishia na cheti. Siku ya kwanza mwanasheria anasoma vifungu, ya pili mtaalamu anaonyesha ramani, ya tatu watu wanapiga picha ya pamoja. Mwezi mmoja baadaye mto unashuka, ofisa wa Kenya ana takwimu zake, wa Tanzania ana zake, na hakuna anayeamini za mwenzake. Mwongozo huu unageuza mpangilio huo: watu waanze kupima maji pamoja, sheria ifuate. Anayeujua mkono uliosoma kipimo hana sababu kubwa ya kubisha namba.

Nimechagua Mto Mara kwa sababu ni mto wa kiasi: hauna ukubwa wa kutisha kama Nile, lakini una kila aina ya mgogoro. Unaanzia kwenye kinamasi cha Enapuiyapui katika msitu wa Mau, unateremka kwa mikono miwili, Nyangores na Amala, unapita Maasai Mara, unavuka mpaka na kuingia Serengeti, kisha unatanuka kuwa ardhioevu kubwa kabla ya kumwaga maji Ziwa Victoria karibu na Musoma. Ni safari ya kilomita karibu 400. Bonde lake lina zaidi ya kilomita za mraba 13,000, na takribani theluthi mbili ziko Kenya. Kwa hiyo Mkenya yuko juu ya mto na Mtanzania yuko chini. Anayefanya kazi Songwe, Ruvuma, Kagera au Malaba abadilishe majina tu, hatua ni zilezile.

Hatua ya 1: Tafuta swali moja linalouma

Usiandike kwenye barua ya mwaliko kwamba mafunzo yanahusu "usimamizi shirikishi na endelevu wa rasilimali za maji". Maneno hayo yametumika mpaka yamechakaa, na mtu akiyasoma anajua anakuja kula chakula cha mchana. Andika swali: "Kiangazi Mto Mara ukishuka, nani anapunguza kuvuta maji kwanza, na kwa kipimo gani?" Au: "Samaki wakifa upande mmoja, nani anachukua sampuli, na saa ngapi?"

Swali hilo ndilo litakaloamua nani aalikwe, mnakwenda wapi mtoni na igizo la mwisho litahusu nini. Ukiwa na maswali matatu, endesha mafunzo matatu.

Hatua ya 2: Alika watu wanaogusa maji

Watu 24 wanatosha, 12 kila upande. Ukizidisha, wengi watageuka watazamaji. Ninavyoona mimi, orodha nzuri ina wafuatao: wataalamu wa maji wa Mamlaka ya Rasilimali za Maji ya Kenya na wa Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria ya Tanzania, maofisa wanaotoa vibali vya kutumia maji, viongozi wa jumuiya za watumia maji kutoka Bomet, Narok, Tarime na Serengeti, ofisa kilimo mmojammoja wa kaunti na wa halmashauri, askari wa wanyamapori kutoka hifadhi zote mbili, na mtu mmoja wa wizara kila nchi ambaye ndiye anayeandika barua, si yule anayezisaini tu.

Halafu ongeza mtu anayesahaulika kila mara: msomaji wa geji. Huyu ni mwanakijiji anayeishi karibu na mto, anayekwenda asubuhi na jioni kusoma ile mbao yenye alama za sentimita iliyosimikwa ukingoni, na kuandika kwenye daftari. Posho yake ni ndogo na mara nyingine huchelewa. Takwimu zote zinazowafanya mawaziri wakae mezani zinaanzia mikononi mwake, na bado hujapata kumwona kwenye hoteli ya semina.

Angalia pia uwiano wa wanawake, lakini usiishie kuhesabu vichwa. Kwenye kamati nyingi za maji mama ndiye mweka hazina, na ndiye anayejua nani ameweka pampu ya wizi. Mwalike kwa cheo hicho.

Mgeni rasmi yupo, huwezi kumkwepa. Mpangie siku ya mwisho, siyo ya kwanza. Akifungua semina atatoa hotuba na kuondoka na msafara wake. Akifunga, atalazimika kusikia watu wake wamekubaliana nini.

Hatua ya 3: Maliza karatasi za mpakani mapema

Hapa nitakwenda haraka, ila ndipo mafunzo mengi hukwama. Barua zipitie wizara zote mbili za maji, na nakala iende Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria iliyoko Kisumu. Kivukio cha kawaida ni Isebania na Sirari, ambako huduma za nchi zote mbili zinapatikana mahali pamoja. Kila mshiriki awe na hati ya kusafiria iliyo hai na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Usimwache mzee wa jumuiya ya maji agundue kaunta kwamba kitambulisho cha taifa hakitoshi. Vifaa vya kupimia viorodheshwe na vitangazwe forodhani kama vitu vitakavyorudi. Droni iache nyumbani kama huna kibali cha maandishi, hasa ndani ya hifadhi.

Posho: weka kiwango kimoja kwa wote. Mkenya akilipwa tofauti na Mtanzania kwa kazi ileile, habari hiyo itawafikia kabla ya chai ya saa nne, na hutaweza kufundisha haki ya kugawana maji mchana wake.

Hatua ya 4: Siku ya kwanza iwe mtoni

Hii ndiyo hatua ya kutumia nguvu zako. Usiingie ukumbini kabisa siku ya kwanza. Wapeleke Nyangores karibu na Bomet, au Amala karibu na Mulot, mahali ambapo mto ni mwembamba na mtu anaweza kuvuka kwa miguu kiangazi. Msipimie kwa miguu ndani ya Maasai Mara wala Serengeti: mto ule una viboko kwa maelfu na mamba wasio na subira. Hata huku juu, ulizeni wenyeji kwanza, vaeni majaketi ya kuokolea, na mtu asiingie maji yakizidi mapaja.

Wagawe wawiliwawili, Mkenya na Mtanzania, kamba moja, rula moja. Kazi yao ni kupima mtiririko kwa njia nyepesi kuliko zote, ya kitu kinachoelea. Kipima mkondo cha kisasa kitakuja mchana. Asubuhi tumia chungwa, kwa sababu linaelea likiwa limezama nusu, upepo haulisukumi, na likipotea hakuna hasara.

Waongoze hivi:

1. Nyoosheni kamba kutoka ukingo hadi ukingo. Tuseme upana ni mita 12.
2. Pimeni kina kila baada ya mita 2. Tuseme mmepata, kuanzia ukingo hadi ukingo, 0, 0.4, 0.6, 0.8, 0.7, 0.5 na 0.
3. Jumlisheni vina vya katikati, mnapata 3.0. Zidisheni kwa mita 2. Eneo la maji ni mita za mraba 6.
4. Pimeni mita 20 kando ya ukingo, sehemu iliyonyooka. Rusheni chungwa juu kidogo ya alama ya kwanza na hesabuni sekunde. Rudieni mara kadhaa, chukueni wastani. Tuseme ni sekunde 25, yaani mita 0.8 kwa sekunde.
5. Maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, kwa hiyo zidisheni kwa 0.85. Kasi ya wastani ni 0.68.
6. Zidisheni eneo kwa kasi: 6 mara 0.68 ni 4.08. Mto unapitisha mita za ujazo 4.1 hivi kila sekunde.

Sasa andika majibu ya makundi yote ubaoni bila kuyapanga. Yatapishana, pengine kwa asilimia 20 au zaidi, ingawa wote wamepima mto uleule asubuhi ileile. Waache wabishane. Mmoja atagundua kuwa wenzake walipimia kwenye kona, mwingine kwamba kamba ililegea. Ofisa aliyekuwa akiamini kwamba nchi jirani "inapika takwimu" ataona kwa macho yake kuwa tofauti huweza kuzaliwa bila hila yoyote. Hotuba haimfikishi mtu hapo.

Mchana wafundishe geji. Jambo la kwanza ni kwamba kina peke yake hakilinganishwi kati ya kituo na kituo, maana sifuri ya geji ya Nyangores na sifuri ya geji ya Mara Mines upande wa Tanzania hazina uhusiano wowote. Kinacholinganishwa ni mtiririko, na ili kuupata kutoka kwenye kina unahitaji mchoro wa uwiano wa kina na mtiririko wa kituo hicho, uliojengwa kwa vipimo vingi vya kiangazi na vya masika. La pili ni kwamba mchoro huo huchakaa. Mafuriko yakichimba sakafu ya mto au kuleta mchanga, sentimita zilezile zinamaanisha maji mengine. Kituo ambacho mchoro wake haujahakikiwa tangu mafuriko makubwa ya mwisho kinasema uongo kwa usahihi wa desimali mbili.

Maliza siku kwa zoezi la daftari. Tengeneza kurasa za kubuni za msomaji wa geji, uweke makosa ndani yake, na waambie wayatafute. Weka ukurasa wa Aprili wenye 0.62 asubuhi na jioni kwa wiki tatu mfululizo, wakati mvua inanyesha. Weka wino mmoja, mwandiko mmoja usiotetereka, bila hata alama ya tone la maji. Wasomaji wa geji wenyewe watacheka kabla ya wengine, kwa sababu wanajua daftari lililojazwa nyumbani linavyofanana. Hapo waulize kwa nini mtu hujaza nyumbani. Majibu utakayopata (posho, umbali, viboko jioni, geji iliyovunjika na kuripotiwa bila kujibiwa) ndiyo orodha halisi ya matatizo ya usimamizi wa mto.

Hatua ya 5: Wateremshe na mto

Tumia siku mbili kufuata maji. Mau wanaona ukingo wa msitu na mashamba yaliyouingilia. Bomet na Mulot, maji ya mji na samadi ya ng'ombe. Narok, umwagiliaji na kambi za watalii. Kisha ng'ambo, Mara Mines, na mwisho daraja la Kirumi ambako mto unaingia kwenye mafunjo. Kila kituo mwenyeji ndiye azungumze, si mkufunzi. Mkulima wa juu ambaye hajawahi kuona nyumbu wanavyotegemea mto huu kiangazi, ukiwa ndio mto pekee wa eneo lile usiokauka, akijionea hubadilisha namna anavyouliza maswali. Na mvuvi wa Kirumi naye hunyamaza kidogo anapouona mteremko ambao mtu wa Mau analazimika kuulima ili aishi.

Hatua ya 6: Sasa ingiza sheria, kwa ukurasa mmoja

Baada ya matope, sheria inaeleweka. Anza na historia, kwa sababu Mara ni sehemu ya Bonde la Nile na historia hiyo bado iko hai. Mwaka 1929 Uingereza ilikubaliana na Misri kwamba hakuna ujenzi utakaopunguza maji ya Nile katika makoloni yake bila ridhaa ya Misri. Mwaka 1962 Tanganyika chini ya Nyerere ilitangaza kwamba haifungwi na makubaliano hayo, maana haikuwapo yalipofanywa. Washiriki wa pande zote hulipenda hili. Ukishaona wanatikisa kichwa, waulize: je, mtu wa Kirumi naye alikuwapo mlipogawa vibali huko Bomet?

Ukurasa mmoja utakaowapa uwe na haya: Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa 1999; Itifaki ya Maendeleo Endelevu ya Bonde la Ziwa Victoria ya 2003; Hati ya Makubaliano ya Kenya na Tanzania kuhusu Bonde la Mara ya 2015; Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya Tanzania ya 2009; na Sheria ya Maji ya Kenya ya 2016. Taja pia Mkataba wa Ushirikiano wa Bonde la Nile ulioanza kutumika Oktoba 2024, baada ya nchi sita, Tanzania ikiwemo, kuuridhia. Kenya iliusaini mwaka 2010.

Usisome vifungu. Fundisha mambo matatu yanayojirudia humo: kila nchi ina haki ya matumizi yenye usawa na yanayofaa, hakuna nchi ya kumdhuru jirani kwa kiasi kikubwa, na anayepanga mradi mkubwa anamjulisha mwenzake kabla, si baada ya kukata utepe. Kisha onyesha sheria za nchi zinapokutana: zote mbili zinatambua kwamba kabla ya kibali chochote kuna maji ya kutengwa kwa mahitaji ya msingi ya binadamu na kwa uhai wa mto wenyewe. Hapo ndipo pa kusimama pamoja.

Uwe mkweli kuhusu hati ya 2015. Ni hati ya makubaliano. Inafungua milango ya ofisi, lakini mtu asitoke mafunzoni akidhani anaweza kuipeleka mahakamani.

Hatua ya 7: Igizo la mazungumzo

Tenga mchana mmoja na asubuhi inayofuata. Kanuni kuu ni moja: badilisha viti. Wakenya wawe ujumbe wa Tanzania, Watanzania wawe ujumbe wa Kenya. Watalalamika kidogo, kisha watacheza kwa bidii ya kushangaza, maana kila mtu anaijua hoja ya jirani yake kuliko anavyokiri.

Wape namba za mafunzo: ni kiangazi, mto umeshuka hadi mita za ujazo 4.0 kwa sekunde. Zilizotengwa kwa watu na mazingira ni 2.5, zinabaki 1.5. Wenye maombi ni umwagiliaji wa juu 1.0, viwanda na hoteli 0.4, mifugo 0.2, na mashamba ya chini 0.5. Jumla ni 2.1, na upungufu ni 0.6. Wakubaliane nani anapunguza, kwa siku ngapi, nani anathibitisha, na inakuwaje mvua ikinyesha Mau lakini si Tarime.

Asubuhi ya pili wape kadi mpya. Kenya inafufua wazo la siku nyingi la kuhamishia maji ya Amala kwenye Ewaso Ng'iro Kusini kwa ajili ya umeme. Tanzania inataka bwawa la Borenga. Nani anamjulisha nani, na kwa taarifa zipi?

Kama swali lako la hatua ya kwanza ni la samaki, tumia kisa cha Machi 2022, maji ya Mara upande wa Tanzania yalipogeuka meusi na samaki kufa. Kamati ya serikali ilisema chanzo ni kinyesi cha mifugo na mimea iliyooza. Wengi hawakuridhika, macho yakiwa kwenye migodi. Waeleze na jambo lingine: watafiti walionyesha mwaka 2018 kwamba kinyesi cha viboko hurundikana kwenye madimbwi ya mto huu wakati wa ukame, na mvua ya ghafla ikikisukuma chini, oksijeni hushuka na samaki hufa. Simaanishi kwamba viboko ndio chanzo cha kisa cha 2022. Ninachosema ni kwamba bila sampuli ya pamoja ya saa za mwanzo, kila mtu atamtaja mhalifu aliyekuwa naye moyoni tangu zamani.

Kwa hiyo wafanye zoezi lenyewe: oksijeni na joto la maji vipimwe palepale mtoni, kila sampuli igawanywe mara tatu, moja maabara ya Kenya, moja ya Tanzania, ya tatu ifungwe kwa lakiri na kuwekwa kwa ajili ya mabishano, chupa zote kwenye barafu, fomu isainiwe na kila mkono unaopokea boksi.

Usiwanyime mapumziko marefu ya chai. Maafikiano ya igizo, kama ya kweli, hupatikana wakiwa wamesimama na vikombe.

Hatua ya 8: Wakubaliane namna ya kutumiana habari

Kabla hawajaachana, wafungue kundi la WhatsApp lenye muundo mmoja wa ujumbe: kituo, tarehe, saa, kina, mtiririko, rangi ya maji, jina la aliyesoma. Saa ziandikwe kwa mfumo wa 24. "Saa tatu" ya msomaji wa geji ni 09:00, lakini ofisa anayeijaza kwenye kompyuta anaweza kuandika 03:00, na mafuriko yatakuwa yamefika chini kabla hayajatoka juu. Picha ya geji iambatane na kila usomaji unaozidi kiwango cha tahadhari. Salamu za Ijumaa na video za mahubiri ziwe na kundi lao.

Hatua ya 9: Panga miezi sita inayofuata

Bajeti yako iwe na fungu la baada ya mafunzo, hata kama itabidi ukumbi uwe wa bei nafuu. Litumike kwa mambo mawili. Kwanza, kupima pamoja mara mbili, kiangazi na masika, timu ya Kenya ikienda Mara Mines na ya Tanzania ikienda Nyangores na Amala. Pili, wasomaji wa geji kutembeleana. Siku ya Mara, inayoadhimishwa 15 Septemba kwa zamu kati ya nchi hizi mbili, ni nafasi nzuri ya kuunganisha mojawapo, kwa kuwa maofisa watakuwa njiani hata hivyo.

Usiwape mtihani wa kuandika. Mwezi wa sita omba madaftari mawili ya wiki ileile, moja kutoka kila upande, na vipimo vya pamoja vya karibuni. Kama mtiririko uliosomwa kwenye daftari unatofautiana na uliopimwa kwa zaidi ya asilimia 10, wapigie wale wawili walioshika kamba moja siku ya kwanza, warudi kituoni pamoja wakaangalie kama tatizo ni geji, mchoro au daftari. Nauli yao iwe imeshatengwa.